Log: kutoka gogo hadi kamba yenye mafundo, kutoka kamba hadi daftari

Neno log la Kiingereza ni fupi, lakini lina kazi nyingi. Ukikaa siku moja kati ya gati ya Mokowe na Lamu mjini utalikuta kwa watu wasiohusiana kabisa. Dereva wa lori anaulizwa logbook. Nahodha wa boti ya mashine anaangalia herufi LOG kwenye kioo cha GPS. Mwanafunzi wa kidato cha nne anatafuta log ya 28 kwenye jedwali la hesabu, na kijana wa saiba anamwambia mteja kwamba hawezi ku-log in bila nywila. Kamusi huzipanga maana hizi kwa nambari, moja baada ya nyingine, kana kwamba zimekutana njiani tu. Ukweli ni kwamba, ukiitoa log ya hesabu, ambayo ina ukoo wake peke yake, maana zote hizo zimepitia kwenye kipande kimoja cha ubao kilichofungwa kamba na kutupwa baharini nyuma ya meli. Anayejua ubao huo ulivyofanya kazi hana haja ya kukariri maana. Ndiyo sababu hapa nitazungumza juu ya kamba na risasi, yale madini mazito na si ya bunduki, zaidi kuliko juu ya kamusi.

Tuanze na mti.

Gogo lenyewe

Waingereza waliliandika neno hili, kwa umbo la logge, katika karne ya 14. Nyuma ya hapo asili yake ina ubishi. Wapo wanaolihusisha na lág ya Kinorse cha kale, yaani mti ulioanguka, lakini irabu za maneno hayo mawili hazifuatani inavyotakiwa, na wanaisimu wengi hulipokea dai hilo kwa tahadhari. Wengine husema ni neno lililotokana na sauti tu, la kuonyesha kitu kizito kisichosogea.

Log ina mipaka yake. Ni mti uliokwisha kuanguka au kukatwa, matawi yameondolewa, na bado haujapasuliwa. Mti uliosimama hauitwi log, na sehemu yake ya kati ni trunk. Kinachobaki ardhini baada ya kukata ni stump, yaani kisiki. Ukishapasuliwa mbao, Mwingereza huuita timber na Mmarekani lumber. Kwa hiyo kosa la kawaida katika Kiingereza cha Lamu ni kuziita boriti za mikoko logs. Kwenye vibali na kwenye biashara huitwa poles, maana ni nyembamba na hutumika nzima. Boriti ina unene wa sentimita 11 hadi 13 hivi, mazio ni nyembamba kidogo, nguzo ni nene zaidi, na pau na fito ziko chini kabisa. Zote huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Ukiandika ombi la kukata mangrove logs, msomaji wa bara atadhani unataka kuangusha miti mikubwa ya kupasua mbao.

Maneno machache yamechipuka hapa hapa kwenye kuni. Lenye historia nzuri kuliko yote ni backlog. Lilikuwa gogo kubwa linalowekwa nyuma kabisa ya meko, karibu na ukuta, katika nyumba za nchi za baridi. Halikukusudiwa kuwaka haraka, bali kuuhifadhi moto na kuzisaidia kuni ndogo za mbele. Neno lipo tangu karne ya 17. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 Wamarekani waliligeuza kuwa akiba ya kazi, yaani oda zilizokwisha kupokelewa na bado hazijatekelezwa. Lilikuwa jambo la kufurahia, maana kazi ipo. Siku hizi mara nyingi ni lawama: Mahakama za Kenya zikisema zina backlog, maana yake ni mrundikano wa kesi. Mwenye kutafsiri ashike tofauti hiyo. Katika taarifa ya kampuni inayounda meli, backlog kubwa ni habari njema, na kuiita mrundikano ni kuipindua taarifa yenyewe. Hapo sema oda zilizo mkononi.

Clog nalo lilianza kama kipande kizito cha mti kilichofungwa mguuni pa mnyama asitoroke. Baadaye likawa kiatu cha mti, ndugu wa mtalawanda wetu, na pia kitenzi cha kuziba, kama mfereji ulioziba taka. Linafanana na log kwa sauti na kwa maana, ila udugu wao haujathibitishwa. Logjam ni magogo yaliyokwama mtoni wakati wa kuyateremsha kwa maji, na kwa siasa ni mazungumzo yaliyokwama. Logrolling ilitoka kwa walowezi wa Marekani waliosaidiana kuviringisha magogo mazito, leo kwako kesho kwangu, kisha ikahamia bungeni: mimi nipigie kura mswada wako nawe unipigie wangu. Huko ilipohamia, Kiswahili chake ni nipe nikupe. Na Mwingereza akilala like a log, mtu wa pwani amelala usingizi wa pono.

Ubao unaotupwa baharini

Kabla ya karne ya 16 mabaharia wa Ulaya walikadiria mwendo wa chombo kwa macho. Waliangalia povu linavyopita ubavuni, wakapima upepo na kutegemea mazoea. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo, akaifikia pwani ya Calicut mwezi wa Mei. Kifaa kinachoitwa log kilikuja kuelezwa kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1574, cha Mwingereza William Bourne. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na hesabu yao tayari, ya zam: saa tatu za safari, zam nane kwa mchana na usiku. Zam ilikuwa muda na masafa kwa pamoja, kwa hiyo mwalimu wa chombo, yaani rubani wake, aliweza kusema bandari fulani iko zam kadhaa mbele bila kutaja maili. Neno hilo limebaki kwetu kama zamu, na leo wauguzi na walinzi wanalitumia kuliko manahodha. Neno la baharini huweza kuhamia nchi kavu na kusahau maji kabisa, na ndivyo ilivyokuwa kwa log pia.

Wazo lenyewe ni jepesi. Tupa baharini kitu kinachoelea na kukaa pale pale kilipoangukia, kikiwa kimefungwa kamba. Chombo kikiondoka, kamba inafunguka. Pima ni kamba kiasi gani imetoka kwa muda unaojulikana, nawe umepata mwendo. Kile kitu kinachoelea kilikuwa kipande cha mti, na jina likabaki hivyo hata kilipochongwa kuwa ubao maridadi. Wafaransa wanacho kama loch na Waswidi kama logg. Kamusi za Kiswahili nazo zimehifadhi neno batli kwa kifaa hiki, na kukitumia ni kutia batli. Ni neno zuri linalostahili kurudishwa vinywani.

Njia bora ya kuielewa batli ni kuitengeneza, na seremala yeyote wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, anaweza kuchonga ubao wake kwa dakika chache. Kata ubao mwembamba, wa milimita 9 hivi, kwa umbo la robo ya duara. Kutoka ncha hadi ukingo wa mviringo iwe sentimita 15. Huo ukingo wa mviringo ndio unaokaa chini majini, kwa hiyo pigilia hapo vipande vya risasi, vile vile vinavyotumika kwenye nyavu. Usivipige vyote kwa pamoja. Tia ubao kwenye pipa la maji ya bahari, ongeza risasi kidogo kidogo mpaka usimame wima na kubakiza ncha yake tu juu ya maji, kama upana wa vidole viwili. Usitumie maji ya kisima, maana maji ya chumvi huelesha zaidi na vipimo vitakudanganya. Risasi ikipungua, ubao hulala na kuteleza juu ya maji ukiifuata kamba. Ikizidi, huzama na kuvuta kamba chini, nayo kamba inatoka bila chombo kuwa kimekwenda.

Toboa matundu matatu, moja kwenye ncha na mawili kwenye pembe za chini. Kamba fupi ya nchani ifungwe moja kwa moja kwenye kamba kuu. Zile mbili za chini zifungwe kwenye kizibo kimoja cha mti, na kizibo kichomekwe kwenye kishimo kilichofungwa kwenye kamba kuu. Miguu yote mitatu iwe na urefu sawa ili ubao uyakabili maji kwa uso wake wote, kwa kuwa hapo ndipo unapopata nguvu ya kukaa mahali pamoja. Ukimaliza kupima unaivuta kamba kwa mvuto mmoja wa ghafla, kizibo kinachomoka, ubao unalala, na unaurudisha chomboni bila kupigana na maji. Kizibo kikilegea mno kitachomoka kabla ya wakati. Kikibana mno, utavuta mpaka kamba ikatike. Kichome kikiwa kimelowa, kwa sababu mti mkavu huvimba ukiingia majini.

Kamba iwe nyembamba, milimita 3 au 4, na isiwe ya kunyumbuka. Nailoni haifai. Kamba ya poliesta iliyosukwa ni bora. Iloweke usiku mzima na uivute inyooke kabla ya kupima chochote, maana kamba iliyopimwa kavu hubadilika urefu ikilowa na mafundo yote yanahama. Kutoka kwenye ubao acha kwanza kamba isiyohesabiwa, yenye urefu unaozidi kidogo urefu wa chombo. Kwa mashua ya mita 10, mita 15 zinatosha. Kazi yake ni kuuweka ubao mbali na maji yanayozunguka nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), ambayo huuvuta ubao kufuata chombo. Mwisho wa kipande hicho funga kitambaa chekundu. Hesabu inaanza hapo.

Sasa mafundo. Maili ya bahari ni mita 1852, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929. Meli za zamani zilitumia shisha, ile chupa ya mchanga na si hii ya kuvutia moshi, iliyomwagika kwa sekunde 28. Kwa sekunde hizo, chombo kinachokwenda maili moja kwa saa kinasogea mita 14.40. Basi kila mita 14.40 kutoka kwenye kitambaa paliwekwa alama: uzi uliopenyezwa kwenye nyuzi za kamba, wenye fundo moja, kisha mafundo mawili, kisha matatu. Idadi ya mafundo yaliyopita mkononi mchanga ulipokwisha ndiyo maili kwa saa, bila hesabu nyingine yoyote. Hapo ndipo knot ilipokuwa kipimo cha mwendo. Na kwa kuwa saa imo tayari ndani ya fundo, kusema mafundo 5 kwa saa ni kosa, japo hata magazeti hulifanya. Sema mwendo wa mafundo 5.

Kwa mashua, nafasi ya mita 14.40 inakula kamba nyingi mno, maana mafundo 6 yangehitaji zaidi ya mita 86. Fanya walivyofanya mabaharia wenyewe meli ikienda kasi: tumia nusu ya muda, sekunde 14, na hapa unaweza kuweka mafundo kila mita 7.20. Ukifunga manane, na ile kamba ya mwanzo, mita 75 zinakutosha. Kila sentimita 72 katikati ya mafundo ni sehemu moja ya kumi ya fundo, nawe unaipima kwa mkono baada ya kuizuia kamba.

Watu wawe watatu. Mmoja ainue rola ya kamba kwa mikono miwili juu ya kichwa, izunguke bila kugusa kitu. Wa pili ashike saa. Wa tatu atupe ubao kutoka tezi upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, mbali na ubavu, akiwa na kamba kidogo iliyolegezwa mkononi. Kitambaa chekundu kikipita ukingoni anapaza sauti, na saa inaanza. Sekunde ya 14 mwenye saa anapaza sauti, na kamba inabanwa hapo hapo. Soma fundo la mwisho lililopita, ongeza kipande cha juu yake, vuta kwa ghafla kizibo kitoke, rudisha. Rudia mara tatu na uchukue wastani, kwa sababu upepo haukai mahali pamoja na wimbi huusukuma ubao.

Mambo yanayoharibu kipimo yanajulikana, na kila moja lina mwelekeo wake. Rola ikikwama au mtu akiishika kamba kwa nguvu, ubao huburutwa na mwendo unasomeka mdogo kuliko ulivyo. Mawimbi ya kutoka nyuma huusukuma ubao kukifuata chombo, na hapo pia unasoma pungufu. Mawimbi ya mbele hufanya kinyume. Kosa la sekunde moja katika 28 ni karibu asilimia 4, na katika 14 ni zaidi ya asilimia 7, kwa hiyo anayetumia kamba fupi awe mwangalifu zaidi na saa. Kwa wale wa zamani shida ilikuwa mchanga wenyewe. Hewa yenye unyevu iliufanya unate na kuchelewa, na miaka mingi ya matumizi ilipanua tundu mpaka shisha ya sekunde 28 ikamwagika kwa 26.

Kosa la pungufu ndilo la kuogopwa. Nahodha anayedhani amekwenda maili 80 ilhali amekwenda 95 atakutana na miamba usiku akiamini bado iko mbali. Ndiyo sababu Waingereza waliishikilia kwa muda mrefu kamba ya kale yenye mafundo kila futi 42 na shisha ya sekunde 30, iliyotokana na maili iliyodhaniwa kuwa futi 5000. Mwaka 1637 Richard Norwood alichapisha kipimo chake cha umbali kati ya London na York, kilichotoa maili ya bahari ya karibu futi 6120, na akashauri mafundo yatanuliwe. Wengi hawakumsikiliza. Kamba ya zamani ilisoma mafundo 10 pale palipokuwa na 8.3 tu, yaani ilimweka nahodha mbele ya mahali alipo hasa, akaanza kuitafuta nchi kavu mapema. Waliona ni afadhali kosa la upande huo, na mtu aliyewahi kuingia mlango wenye miamba gizani hawezi kuwalaumu.

Kuna jambo moja ambalo batli haiwezi kulijua hata ikitengenezwa kwa ufundi wote: hupima mwendo kwenye maji, si mwendo juu ya ardhi. Ubao umekaa kwenye maji, na maji yenyewe yakiwa yanakwenda, ubao unakwenda nayo. Pita mkondo wa Mkanda kuelekea Pate siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, nayo yakiwa kinyume chako, utaliona waziwazi. Batli ikisema mafundo 5 na maji yakikurudisha mafundo 2, GPS itaandika 3, na zote mbili ni za kweli. Tofauti yao ndiyo mkondo, na ni njia nzuri kabisa ya kuupima. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, vipimo hivyo viwili hukaribiana. GPS nyingi za boti huandika LOG kwa jumla ya maili ulizokwenda. Hiyo ni log ya jina tu, maana inahesabu kwa satelaiti. Log ya meli kubwa za leo bado hupima maji, kwa kigurudumu chini ya chombo, kwa sumaku au kwa sauti. Kati ya zile za leo na ubao wa kale palikuwa na log ya kuburutwa, iliyotengenezwa na Edward Massey mwaka 1802 na kuboreshwa na Thomas Walker mwaka 1861: parafujo ya shaba nyuma ya meli inayozungusha mshale wa saa. Adui zake walikuwa mwani uliojizungusha humo na samaki wakubwa walioimeza.

Daftari

Batli ilitiwa kila saa au kila saa mbili. Kila kipimo kiliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa pili, log-board, wenye safu za saa, mafundo, sehemu za fundo, mwelekeo wa dira na upepo. Mara moja kwa siku ubao ule ulinakiliwa kwenye kitabu na kufutwa. Kitabu hicho kikaitwa log-book, jina linalopatikana tangu karne ya 17, na baadaye likafupishwa likawa log tena. Hapa ndipo neno lilipovuka kutoka kwenye mti hadi kwenye maandishi. Maana ya leo imebaki vile vile: maelezo yanayoandikwa papo hapo kwa mpangilio wa saa, yakieleza kilichotokea tu. Diary ina hisia na maoni, lakini log haina. Anayetafsiri kwa neno shajara huichanganya log na diary. Ninapendelea daftari la safari, daftari la matukio au kumbukumbu za mfumo, kulingana na mahali.

Kwa anayesoma madaftari ya zamani ya meli za Kiingereza zilizopita pwani hii, kuna mtego mmoja wa tarehe. Siku ya baharini ilianza adhuhuri, ikitangulia siku ya nchi kavu kwa nusu siku. Alasiri iliyoandikwa tarehe 12 ni alasiri ya tarehe 11 kwa watu wa mjini, na ndiyo sababu katika ukurasa mmoja alasiri inatangulia asubuhi. Jeshi la majini la Uingereza liliacha desturi hiyo mwaka 1805, na meli za biashara ziliendelea nayo kwa muda.

Kutoka melini daftari likahamia kila mahali. Kuanzia miaka ya 1860 walimu wakuu wa Uingereza walitakiwa kuandika logbook ya shule. Marubani wa ndege wanaandika saa walizoruka. Logbook ya gari ilikuja na sheria ya Uingereza ya 1920: kila gari lilipewa kijitabu cha usajili ambamo mabadiliko ya wenyewe yaliandikwa moja baada ya jingine, kama vituo vya safari. Kenya ikarithi jina, na limebaki hata pale ambapo kilichopo si kitabu tena. Katika Lamu yenyewe, ambako punda ndiye anayepita vichochoroni, logbook ni habari ya Mokowe na Malindi. Kwa anayenunua gari huko, kazi ya logbook ni ile ile ya meli, yaani kukuonyesha gari limepitia wapi na liko kwa nani. Linganisha nambari ya chesi na ya injini kwa macho yako. Jina la benki au la mkopeshaji likiwa pembeni mwa jina la muuzaji, deni bado halijaondolewa, na gari haliwezi kuhamishwa kwako mpaka mkopeshaji aridhie.

Log in ni hatua inayofuata. Katika miaka ya 1960 kompyuta moja kubwa ilianza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, kama ile ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, na mfumo ulihitaji kuandika ni nani ameingia, saa ngapi, na ametumia mashine kwa muda gani. Kwa hiyo ku-log in kulikuwa kujiandikisha kwenye daftari la mashine, na ku-log out kufunga hesabu yako. Kiingilio na nywila vilikuja kuifunika maana ya daftari, ila daftari bado lipo: kila seva huweka log za nani aliingia, na ndizo za kwanza kufunguliwa na fundi akaunti ikivamiwa. Ukiandika Kiingereza, kitenzi ni maneno mawili, log in, na nomino ni neno moja, login. Programu za Kiswahili huandika Ingia na Toka, na hilo linatosha kabisa. Jisajili ni jambo jingine, la kufungua akaunti mpya, na wanaoyachanganya kwenye tovuti zao huwapotezea watu njia.

Hata blogu imetoka humo. Desemba 1997 Jorn Barger aliita ukurasa wake weblog, daftari la aliyokutana nayo kwenye wavuti, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno mahali pengine akaandika we blog. Herufi ya kwanza ya blogu, basi, ni ya mwisho ya web, na zilizobaki ni za ule ubao.

Log isiyo ya mti

Log ya hesabu ni kifupi cha logarithm, neno lililoundwa na Mskoti John Napier mwaka 1614 kwa maneno mawili ya Kigiriki, logos kwa maana ya uwiano na arithmos kwa maana ya namba. Logic na logo zina logos hiyo hiyo, na catalog, dialog na analog za tahajia ya Kimarekani zimetoka kwenye ukoo huo wa Kigiriki. Hakuna gogo humo.

Ila log hizi mbili zilikutana mapema kwenye sanduku moja la baharia. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha na kugawanya kuwa kutoa, na baharia alikuwa na hesabu nyingi za namna hiyo kila adhuhuri. Katika miaka ya 1620 Edmund Gunter alichora logi kwenye rula ya mti, na mabaharia walipima juu yake kwa bikari. Mwanafunzi mwenye jedwali la tarakimu nne anaweza kuitumia logi kuipata nafasi ya mafundo ya batli. Logi ya 1852 ni 3.2676. Jumlisha logi ya 28, ambayo ni 1.4472, upate 4.7148. Toa logi ya 3600, ambayo ni 3.5563, ibaki 1.1585. Rudi kwenye jedwali la kinyume: mita 14.40.